Bakuli la Bluu la Mzee Paskali

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mimi ni mtu wa bahati. Hilo naliandika kwanza, mengine yatafuata. Kati ya watoto watano wa marehemu Baba, Mama alimchagua nani akakae kwake? Mimi, Chediel! Siyo kaka Calist mwenye nyumba ya vigae kule Mungaa. Siyo wale wa Dar wanaotuma picha za sahani zao. Mimi niliyeishia darasa la saba, dereva wa kirikuu cha mizigo, mwenye choo cha nje. Mwaka wa pili huu. Mtaa wa Mwankoko mzima unajua, maana nimewaambia mmoja mmoja.

Leo sikukuu ya wafanyakazi, matenga ya kuku hayaendi Dodoma. Nimekaa nyumbani. Nesi Eliza wa kliniki kaniagiza mwezi huu wote niandike Mama anakula nini, maana presha imegoma kushuka. Nikamwambia nesi, mimi nikiwa dereva wa malori nimejaza makaratasi ya Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, kwa lugha nisizozijua, hilo ni dogo! Karatasi yake iko ukutani, ina vyakula tu. Huku naandika ya kwangu, ambayo nesi hayamhusu.

Mchana: wali na jogoo wa kukaanga kwa mafuta mapya ya alizeti. Jogoo wangu mwenyewe. Mama kala matonge mawili, akasema ameshiba. Kashiba nini? Upepo? Firigisi nikamwekea yeye — mwenye nyumba nimejinyima! — akaisogeza pembeni kwa kidole kama mtu anayesogeza mdudu.

Ijumaa, 2 Mei

Ile nyumba ndogo nyuma ya ua wetu wa minyaa imepata mtu. Mzee Paskali, Mgogo wa Manyoni, mstaafu wa reli. Mkewe alifariki. Kaja peke yake na kitanda, jiko la mkaa na redio yenye antena ya waya. Nikamwonea huruma. Na nilitaka aione hotipoti yangu — niseme ukweli, nani ananisikia? Niliinunua Tunduma enzi za malori. Maua ya dhahabu, mfuniko wa kubonyeza unaolia taka! Mtaa huu hakuna nyingine. Nikaijaza kuku, nikaipeleka mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii nini, bomu?"

Nikacheka. Nikamwambia karibu sana, mimi ndiye Chediel, ndiye niliyechaguliwa na mama yetu katika watoto watano. Akasema, "Hongera. Mimi ninao wanne, nikachagua minyaa."

Mzee mzuri. Nimempenda.

Jumapili, 4 Mei

Hotipoti imerudi. Kaileta mwenyewe, kavaa koti la reli lenye vifungo vya shaba. Ndani ugali wa uwele. Juu ya mfuniko kaweka bakuli lake la bati, la bluu, limebanduka rangi ukingoni — mlenda! Mwanaume mzima, na mvi zake, kapika mlenda! Alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Kongo nimeona wanaume wapishi, lakini wale walikuwa wanalipwa.

Mke wangu Lea akaniambia, "Cheka, lakini onja."

Nikaonja. Hauna chumvi. Hauna magadi. Una karanga za kusaga na ndimu basi. Nikamwambia mke wangu hiki ni chakula cha wodini. Kumbe Mama ameshavuta bakuli. Kala. Kala wote! Kapangusa bakuli kwa kidole, kanyonya kidole. Mama yangu, mbele yangu!

Kwenye karatasi ya nesi nimeandika "mlenda". Sikuandika wa nani.

Jumanne, 6 Mei

Mama kaamka kabla ya kuku, kachemsha boga, kajaza lile bakuli. "Mpelekee."

Nikamwambia, Mama, yeye kala kuku wetu, sisi tumekula mlenda wake. Ngoma droo. Tumalize.

"Bakuli lake liko kwangu. Nilirudishe tupu? Huo ustaarabu ulifundishwa na nani, na matingo wenzako wa kwenye malori?"

Sawa. Chombo hakirudi kitupu, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikapeleka. Mzee kapokea kwa mikono miwili, akauliza, "Na ile hotipoti iko wapi? Niazimeni, nina kitu jikoni."

Nina kitu jikoni! Nani anaongea hivyo akiwa na ndevu?

Alhamisi, 8 Mei

Hotipoti imerudi na kunde. Bakuli limerudi na matembele. Mama kala vyote viwili. Mimi na Lea tumebaki na kuku mzima katikati yetu, tunatazamana kama wafiwa wenye pesa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesikia kicheko uani. Nikadhani Lea. Nikadhani redio. Ni Mama! Sijasikia kicheko hicho tangu Baba yupo. Nikachungulia. Pale minyaa ilipoachana, Mama kakaa upande wetu, Mzee Paskali upande wake, katikati turubai, wanapiga alizeti kwa fimbo. Mzee anasimulia treni iliyosimama Saranda kwa sababu mbuzi wa mkuu wa stesheni kalala relini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpiga mbuzi wa bosi. Abiria wakashuka, wakapika chai, wakanywa, mbuzi bado. Hadithi nzuri, siwezi kukataa. Ningeisimulia vizuri zaidi.

Halafu nikasikia, "Eliana, hilo ua umelipiga mpaka limekufa mara mbili. Limekukosea nini?"

Eliana!

Ni jina la mama yangu. Hakuna mtu aliyelitamka tangu tumzike Baba. Kwetu yeye ni Mama Calist. Kanisani Mama Calist, kliniki Mama Calist, mpaka humu ndani kwangu mke wangu anamwita Mama Calist. Calist haji, hapiki, dawa hanunui, lakini jina ni lake hadi kwenye meza yangu. Hilo nimeshalizoea, kaka ni kaka. Lakini huyu! Kaja juzi na kitanda kimoja, tayari ana Eliana yake.

Nikakohoa. Mzee akasema, "Karibu dereva, shika fimbo na wewe."

Nikasema nina safari. Sikuwa na safari. Nimeendesha mpaka Ziwa Kindai, nikatazama maji, nikarudi.

Jumatatu, 12 Mei

Dodoma na matenga. Nimerudi na matunda ya epo kwa ajili ya Mama. Nyekundu, zile za dukani, kila moja imevaa kisweta chake cha povu. Nilizibeba mbele, pembeni yangu, kuku wakae nyuma na makelele yao. Njia nzima naona vile atakavyoshangaa.

Kashangaa vizuri. Kasema asante. Halafu kachukua hotipoti, kazipanga humo epo zote na visweta vyake, kafunga. Taka!

"Mama, yule mzee meno ya kula epo hana!"

"Atazichemsha."

Nimekula ugali na maziwa mgando. Lea ananiangalia. Nikamuuliza nini. Akasema hakuna.

Jumatano, 14 Mei

Kliniki. Presha imeshuka! Nesi Eliza kapima, kavua kile kitambaa, kafunga tena, kapima upya. "Mama Calist, umefanya nini mwezi huu?"

Mama hajafungua mdomo nikadakia, "Ni matunzo, nesi. Mimi huyu simwachii mtu."

Nesi akasoma karatasi yangu: mlenda, kunde, mlenda, boga, matembele, mlenda. Akasema hongera Chediel, wanaume wachache wanasikia la chumvi. Nikaipokea hongera. Nikaiweka mfukoni kabisa. Mama akanigeukia, akanitazama kidogo tu, kama alivyonitazama siku ile nilikuwa mdogo, mdomo umejaa sukari guru na mikono iko nyuma.

Njiani kirikuu kina kelele, namshukuru Mungu kwa kelele zake.

Nimefurahi, lakini. Andika, Chediel: presha ya mama yako imeshuka na umefurahi. Nimefurahi kama shabiki ambaye timu yake imefungiwa goli la ushindi na mchezaji wa kuazima.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada nikapita kijiweni, pale kwenye mashine ya kusaga. Peniel wa bodaboda kaniona tu: "Chediel! Hongera bwana, tunasikia unapata baba. Atakununulia na sare za shule?"

Wakacheka wote. Nikacheka kuwashinda, hiyo ndiyo kazi yangu hapa mjini. Nikasema mahari tumeshapanga, ni hotipoti mbili na redio! Nikawanunulia soda, nikaondoka nikipunga mkono kama diwani. Nilipokata kona uso ukaanza kuniuma.

Nafika nyumbani, bakuli la bluu liko mezani, mbele ya kiti changu kabisa. Limekaa. Limenikaribisha kwangu!

Nikamuuliza Lea, hivi yule mzee ana nini? Mimi nimefika Lubumbashi. Mimi nina vituko vya nchi nne. Yeye ana mbuzi mmoja wa Saranda.

Lea akasema, "Anamuuliza."

"Anamuuliza nini?"

"Anamuuliza tu. Leo tule nini, goti limelalaje. Wewe Mama humuulizi, Baba Klara. Wewe unamtangaza."

Huyo Klara mwenyewe, binti yetu, yuko bweni la sekondari, angekuwepo angenitetea. Nimeenda kulala.

Jumanne, 20 Mei

Mama kaenda jumuiya ya kanisani. Lea yuko nyuma anafua. Bakuli bado mezani, Mama alisema kesho atalijazia viazi vitamu. Nikalitazama. Likanitazama.

Nikalichukua. Nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Nikavuka minyaa nalo. Tupu.

Mzee alikuwa anapepea jiko kwa mfuniko wa ndoo. Shikamoo, marahaba dereva. Nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili kama siku zote, akachungulia ndani. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Ahaa," akasema. Halafu, "Mmemaliza salama?"

"Tumemaliza."

Basi. Nikarudi natembea kifua mbele kama bondia. Nilipovuka minyaa kifua kikarudi ndani.

Lea kaona mikono yangu mitupu. "Bakuli la watu umelipeleka na nini?"

"Na shukrani."

Kaangusha nguo kwenye beseni. "Chediel! Umempelekea mtu mzima chombo kitupu?"

Huku kwetu hilo halihitaji mkalimani. Ukimrudishia mtu chombo kitupu umemwambia: tusijuane tena. Nilijua. Nilijua wakati nalisugua.

Jumatano, 21 Mei

Hotipoti ilikuwa imebaki kwake. Leo kaituma kupitia kwa mama muuza mboga. Imejaa karanga mbichi, zimechambuliwa, hakuna hata moja iliyooza. Hakuirudisha tupu — hata baada ya kile nilichomfanyia.

Ila bakuli halikuja nayo.

Mama kafungua, kaangalia karanga. Kainua hotipoti, kaangalia chini yake, kaangalia mezani, kaangalia mlangoni. Nikaona anavyoelewa, kidogo kidogo. Chake kiko kwake, chetu kiko kwetu, hakuna cha mtu kwa mtu. Hakuuliza ni nani. Kafunga tu. Taka!

Sijawahi kuuchukia mfuniko ule kama leo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeshinda. Pale minyaa hakuna kicheko. Mama anakula kwangu tu, kama nilivyotaka. Matonge mawili.

Akimaliza anasema, "Asanteni kwa chakula." Asanteni! Kama mgeni aliyepitia, anayesubiri basi.

Jumamosi, 24 Mei

Lea kapika mlenda, hakutia chumvi, katia karanga zile zile za mzee. Mama kala nusu, akasema ni mzuri sana mwanangu. Huo ni uongo wa adabu. Nautambua, mimi ninao wa jumla na wa rejareja.

Redio ya mzee inaongea yenyewe kule ng'ambo. Kuna kitu kinaungua kwake, harufu inakuja mpaka huku. Mama kanyanyua kichwa, kanusa, karudisha macho kwenye kufuma.

Jumatatu, 26 Mei

Siku mbaya. Kliniki: imepanda. Imepita hata pale ilipokuwa. Nesi Eliza kaniuliza nini kimebadilika nyumbani. Safari hii jibu nilikuwa nalo, sahihi kabisa, ndani ya mdomo. Nikasema, "Sijui, nesi."

Jioni kapiga Calist. Kaka hapigi bila msiba, nikaketi kwanza.

"Mama kanipigia. Anasema anataka kurudi Mungaa."

"Kwako?"

"Kwake. Nyumba ya Baba."

"Kaka, ile nyumba paa limelala upande mmoja. Na hizi presha, nani atamwangalia usiku?"

Akasema, "Kwangu haiwezekani, shemeji yako unamjua." Namjua. "Nakuja Jumamosi na gari. Tutaongea."

Nimekata simu. Mama yuko chumbani kwake, mlango uko wazi kidogo. Anakunja nguo. Amezikunja, amezikunjua, anazikunja tena.

Nifanyeje? Wivu ni ugonjwa wa mdomo, nilidhani. Unakasirika, unasema maneno, unaisha. Kumbe wangu umeingia kwenye mishipa ya mtu mwingine.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeenda. Nilizunguka minyaa mara mbili kama mwizi wa kuku kwanza, halafu nikapiga hodi.

"Karibu dereva. Leo umekuja bila bakuli, afadhali."

"Shikamoo mzee. Nimekuja... Mzee, nilikukosea."

"Najua. Nilikuwepo."

Nikakaa kwenye ndoo. Alikuwa anakunywa chai ya rangi na mkate mkavu. Jiko limezimika, lina vumbi. Maneno niliyoyapanga yakakimbia yote, likabaki moja, nikalitoa: "Unataka kumuoa mama yangu?"

Mzee alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Presha mbili kwenye nyumba moja? Nani atamkimbiza mwenzake hospitali, redio?" Akajipangusa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi mke nilikuwa naye, wa kunitosha. Ila tangu afe sikupika. Ukipika chakula cha mtu mmoja, sufuria inakuonea. Nilikuwa naishi kwa huu mkate. Sasa ikaja hiyo hotipoti yako ya kifalme. Ningeirudishaje tupu? Ikabidi niwashe jiko."

"Kwa hiyo kuku wangu alikusaidia," nikasema. Angalau hilo!

"Yule kuku? Ana chumvi ya Bahari ya Hindi nzima. Nilimpa paka. Paka naye sasa yuko kliniki."

Nilicheka. Nilicheka kweli, machozi. Na katikati ya kicheko ndipo wivu uliponichoma kuliko siku zote, kwa sababu nikaona: huyu mzee ni mcheshi kuliko mimi. Amenizidi kwenye kazi yangu mwenyewe. Na wala hajitangazi.

Nikamwambia yote. Mama anaondoka Jumamosi. Presha imepanda. Mzee anatikisa kichwa tu, hacheki tena. Akasema, "Mimi sikumwita kwangu, wala siwezi kumwomba abaki kwako. Mimi ni jirani wa minyaa."

Nikamwomba anifundishe ule mlenda.

"Kwanza muulize anataka mzito au mwepesi."

"Wewe ulijuaje anachotaka?"

"Nilimuuliza."

Ijumaa, 30 Mei

Sikumuuliza. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikasema, "Mama, baridi imeanza, eh?" Akasema ndiyo. Nikaondoka. Mtu aliyeongea na askari wa barabarani wa nchi nne!

Begi lake liko karibu na mlango.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, karatasi gotini. Bado hakujaisha kitu.

Asubuhi niliingia kwake kabla sijaogopa. "Mama. Mlenda unataka mzito au mwepesi?"

Alikuwa anafunga kilemba. Mikono ikasimama kichwani. "Nani anapika?"

"Mimi."

Kamaliza kufunga kilemba. "Mwepesi," akasema.

Nikapika! Lea kasimama mlangoni kashika mdomo, mabega yanamruka. Karanga zikaniungua, ugali wa uwele ukawa na mabonge kama barabara ya Itigi zamani. Chumvi sikuigusa, nimeiweka juu ya kabati nisiione. Nikajaza hotipoti kwanza, nikavuka nayo minyaa.

Mzee Paskali kafungua. "Hivi vyeusi ni nini?"

"Karanga."

"Zilikuwa."

Lakini kaipokea kwa mikono miwili. Kaingia nayo ndani.

Calist kafika mchana na gari la kukodi, shati jeupe, simu mbili. Kasalimia, kakaa, kakohoa kile kikohozi chake cha mwenyekiti. "Mama, sisi wanao tumekaa, tumekubaliana kwamba..."

Nikasema, "Kaka, samahani. Ngoja. Tumekubaliana na nani? Yeye ameulizwa?"

Sijawahi kumkatisha kaka tangu nizaliwe. Nikamgeukia Mama. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikamwambia, bakuli nililirudisha mimi, tupu, kwa wivu. Jirani nimemwomba msamaha. Sasa nakuuliza wewe. Unataka kukaa wapi? Hapa, au kwa Calist, au kwako Mungaa? Utakaposema nitakupeleka mimi mwenyewe, na paa nitalisimamisha mimi mwenyewe.

Calist akatazama viatu vyake. Lea akaacha kumimina chai.

Mama akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu vifaranga jioni. Halafu akavuta sahani ya mlenda wangu.

"Ngojeni nimalize kula," akasema.

Basi tunangoja. Calist yuko nje, anapiga teke tairi lisilo na tatizo. Begi liko pale pale. Mama anakula polepole, tonge la tano hili au la sita, anatoa karanga iliyoungua mdomoni, anaiweka pembeni, anaendelea. Siwezi kusoma kitu usoni kwake. Hajawahi kuulizwa swali hili, nadhani na yeye anajisikiliza kwanza.

Atasema nini? Nimetangaza miaka miwili kwamba alinichagua. Kijiweni, kanisani, kliniki, hadi kwa Mzee Paskali siku ya kwanza.

Kikao cha baada ya msiba wa Baba, cha kuamua nani amchukue Mama, kilikaa mimi nikiwa nimekwama Itigi na lori bovu. Waliokuwepo kila mmoja alikuwa na sababu ya kukataa. Asiyekuwepo hakuwa na sababu, akapewa. Calist akanipigia simu: ukipita, mchukue. Nikapita, nikamchukua. Alikuwa amekaa barabarani na begi hili hili.

Mama hakunichagua. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi.